Kitufe cha gari linaloteleza: kilitoka wapi, na kizimwe lini?

Wasomaji, leo tuache kidogo simu na intaneti, tuangalie kompyuta ambayo wengi wetu huiendesha bila kuifikiria. Kwenye magari mengi kuna kitufe chenye picha ya gari na alama mbili za tairi zilizopindapinda. Toyota huuita mfumo huo VSC, Mercedes-Benz huuita ESP, lakini kazi ni ile ile.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walileta ABS, breki zisizoruhusu tairi kukwama gari likiwa bado mwendoni. Miaka ya 1980 ikaja hatua ya pili, ya kuzuia tairi zinazosukumwa na injini zisizunguke bure. Mwaka 1995 ESP ikaingia sokoni.

Mimi kama mwandishi wa programu naipenda mantiki yake. Sensa moja inasoma usukani umekatwa kiasi gani, nyingine inasoma gari lenyewe linageuka kwa kasi gani. Majibu yasipolingana, kompyuta inabana breki ya tairi inayohitajika na kupunguza nguvu za injini mpaka gari lifuate usukani.

Pengine ingebaki anasa ya matajiri kwa muda mrefu zaidi. Lakini Oktoba 1997 huko Uswidi, jarida la Teknikens Värld lilijaribu Mercedes A-Class kwa kuikwepesha ghafla, kama dereva anayemkwepa mnyama barabarani. Gari likapinduka. Kampuni ikasimamisha mauzo kwa muda, kisha ikaweka ESP kwenye kila A-Class. Baadaye Marekani ikaulazimisha mfumo huu kwa magari madogo ya modeli ya 2012, na Ulaya kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014.

Sasa njoo Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi. Huku mnyama ni mbuzi au punda, na ukiiacha lami unakutana na vumbi na mchanga. Mchangani kompyuta inaweza kukukwamisha: tairi zikianza kuzunguka bure inakata nguvu, na gari linasimama hapo hapo. Hapo zima, toka polepole, kisha washa tena kabla ya kurudi kwenye lami. Kwenye magari mengi, kubonyeza kidogo huzima udhibiti wa tairi tu. Kushikilia kwa sekunde kadhaa huzima na ule wa kuteleza. Soma kitabu cha gari lako, na kama kilikuja kwa Kijapani, tafuta cha Kiingereza.

Ukisahau kuwasha, ukapanda kona za kuelekea Kiserian na mbuzi akaruka mbele yako, unaendesha gari la kabla ya 1995. Na hata ukiwasha, kumbuka programu haiwezi kuumba mshiko ambao tairi kipara haina. Mwendo bado ni juu yako.