Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Wageni wa Kilimanjaro

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii yafaa kuwa mizani ya kupimia historia ya Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, maana ni nchi chache za Afrika ya Mashariki zilizopokea wageni wengi kwa ajili ya kitu kimoja tu, yaani kuuona mlima na kuupanda. Uholanzi nako kuna mji wa pwani uitwao Scheveningen, uliokuwa kijiji cha wavuvi, ukageuka katika karne ya 19 kuwa mji wa mapumziko. Uchagani hakuna bahari. Kilichowavuta wageni ni theluji. Lakini swali ni lile lile pande zote mbili: mgeni alipokuja, je, mwenyeji alipona?

Kabla ya wapanda milima kufika, ugeni ulikuwa na sheria zake. Wachagga hawakuwa na haja ya kukifikia kilele. Walikaa katika vihamba vyao chini ya migomba, wakachimba mifongo ya kuteremsha maji kutoka msituni, na waliopanda juu zaidi walikwenda kuwinda au kutafuta asali. Nchi iligawanyika katika himaya nyingi, na kila Mangi alikuwa mlinzi wa lango lake. Misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa, iliyokuja kununua pembe za ndovu, ilijua kwamba haiwezi kupita bila kutoa hongo. Na aliyekwisha kuitoa alipata chakula, mahali pa kulala na watu wa kumsindikiza. Ulikuwa mkataba: mgeni alilipa, na mwenyeji alimlinda.

Kwa mkataba huo ndipo alipoingia Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetoka Rabai karibu na Mombasa. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za Uchagani, na tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya mlima. Mmoja wa viongozi wake aliuita weupe ule "baridi" tu, na hakika hapakuwa na neno lililofaa zaidi. Mangi Masaki wa Kilema alimpokea. Habari zake zilipochapishwa Ulaya, mtaalamu wa jiografia wa London, W. D. Cooley, alizikanusha kwa miaka mingi, akidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Basi mtu aliyekaa London alibishana na yale ambayo mchukuzi yeyote wa msafara ule angeliweza kumweleza.

Si wageni wote waliotoka salama. Mwaka 1849 Rebmann alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimmalizia mali yake kwa jina la zawadi. Charles New, aliyefika mpaka kwenye theluji mwaka 1871 kwa idhini ya Mangi Rindi wa Moshi, aitwaye pia Mandara, alinyang'anywa vitu vyake aliporudi mara ya pili, akafa njiani akirejea pwani mwaka 1875. Mambo haya hayapasi kufichwa. Yaonyesha kwamba katika siku zile mwenyeji alikuwa na nguvu ya kumpokea mgeni, na pia ya kumdhulumu.

Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alifika Marangu pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria. Meyer alikuwa amekwisha kujaribu na kushindwa mwaka 1887. Safari hii, kwa wema wa Mangi Marealle, aliifanya Marangu kuwa ghala yake. Akaweka kambi kadhaa mlimani, na wapagazi wakapanda kila baada ya siku chache na chakula kutoka chini. Mwini Amani wa Pangani alikaa katika kambi ya juu, katika baridi kali, akiitunza wakati wazungu wawili walipokuwa wakikata ngazi katika barafu. Tarehe 6 Oktoba 1889 wawili hao walisimama kwenye kilele, penye urefu wa mita 5,895. Ujasiri wao hauna shaka. Lakini wengine kabla yao walikuwa na ujasiri pia, na njaa na baridi ziliwarudisha. Kilichomvusha Meyer ni ndizi na nyama zilizopanda juu kwenye vichwa vya watu.

Huko Marangu yasimuliwa kwamba aliyemwongoza Meyer alikuwa kijana aitwaye Yohani Kinyala Lauwo. Meyer hakulitaja jina hilo katika kitabu chake. Lauwo aliishi miaka mingi akiwaongoza wageni mlimani, akaheshimiwa hadharani mwaka 1989 katika sherehe za miaka mia, akafariki mwaka 1996. Mwanahistoria aliyezoea maandishi peke yake atasita mbele ya masimulizi haya. Lakini yampasa akumbuke kwamba ukimya wa kitabu si ushahidi wa kutosha, maana waandishi wa safari zile waliandika majina ya wapagazi wachache mno.

Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaiser Wilhelm, akachukua jiwe la huko juu na kumpelekea Kaiser, nalo likawekwa katika jumba la kifalme la Potsdam. Tangu siku hiyo mkataba wa kale ulivunjika. Mgeni hakutoa hongo tena, alichukua. Mwaka 1891 Carl Peters alikuja kutawala sehemu za Kilimanjaro kwa niaba ya Wajerumani, akawanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Mchagga aliyeitwa Jagodia, hata serikali yake mwenyewe ikamwachisha kazi mwaka 1897. Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, alinyongwa mwaka 1900. Wamangi waliosalia hawakuwa na uwezo wa kufunga wala kufungua lango.

Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, safari ya majuma mengi ikawa ya siku chache. Wajerumani walijenga mlimani vibanda viwili vya kulala wageni, kimoja wakakiita Bismarck na cha pili Peters, kwa jina la mnyongaji yule yule. Waingereza walipotawala baada ya vita, hoteli za Marangu zilianza kuwapangia wageni safari za kilele. Mwaka 1936 Mmarekani Ernest Hemingway alitoa hadithi yake iliyoitwa kwa theluji za Kilimanjaro, na jina la mlima likaenea hata kwa watu wasioijua Moshi.

Uhuru ulirudisha majina. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda, afisa kijana wa jeshi, alisimika bendera na mwenge juu ya mlima, na kilele kikaitwa Uhuru. Vibanda vya Wajerumani vikaitwa Mandara na Horombo, majina ya Wamangi wa kale. Mwaka 1973 mlima ukawa Hifadhi ya Taifa. Sasa kila mgeni hulipa kiingilio, na haruhusiwi kupanda bila kiongozi. Kwa namna fulani hongo imerudi, ila haipokelewi tena na mwenye kihamba bali na Taifa zima.

Je, mwenyeji amepona? Kwa sehemu, ndiyo. Vihamba vimegawanywa mpaka vikawa vidogo, na kahawa, iliyowaunganisha Wachagga katika chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, haiwezi tena kumlisha kila kijana. Kazi ya mlima imesomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini mpagazi, ambaye vijana wa Moshi humwita mgumu, bado hubeba mzigo wa mwingine katika hewa nyembamba, mara nyingi kwa nguo hafifu kuliko za mgeni wake, na wako waliokufa kwa baridi huko juu. Na barafu yenyewe, iliyopimwa mwaka 1912, ilikuwa imepungua kwa asilimia 85 hivi kufikia mwaka 2011. Theluji iliyowavuta wageni yaweza kutoweka kabla mkataba wa haki haujakamilika.

Katika siku za Rindi, ubaya ulikuwa kwamba mwenyeji aliweza kumnyang'anya mgeni. Katika siku za Peters, mgeni aliweza kumnyonga mwenyeji. Kizazi cha leo kina nafasi ambayo hivyo viwili havikuwa nayo, yaani kuandika masharti yaliyo wazi kwa pande zote: ujira wa mpagazi, uzito wa mzigo wake, nguo zake, na jina lake katika kitabu cha safari.