Kampuni Iliyokabidhiwa Pwani

Wanafunzi wangu huamini kwamba serikali ya Ujerumani ndiyo iliyoitwaa nchi yetu, na wafanyabiashara wakaifuata. Mambo yalitangulia kinyume. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za lugha wasiyoisoma. Februari 1885 Kaisari akampa hati ya ulinzi. Bismarck alitaka makoloni yasiyoigusa hazina: wafanyabiashara watawale, wajigharimie.

Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi kampuni hiyo utawala na ushuru wa pwani, kutoka Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Mkataba ulisema itatawala kwa jina la Sultani. Agosti, huko Pangani, ofisa wake Emil von Zelewski aling'ang'ania kupandisha bendera ya kampuni. Watu wa pwani hawakuhitaji mwanasheria kuwaeleza tofauti ya kukusanya ushuru na kumiliki nchi. Walisimama chini ya Abushiri bin Salim, na Bwana Heri kule Saadani. Muda si muda kampuni ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena chini ya mizinga ya manowari.

Hapo ndipo faida binafsi ilipogeuka kuwa deni la umma. Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 kwa ajili ya jeshi la Wissmann, kwa jina la kukomesha biashara ya utumwa (hoja ya kupora haikosi vazi la huruma). Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo.

Ningewaomba watumishi wa umma waandaao mikataba wausome kwa makini ule wa Novemba 1890, serikali ilipochukua utawala. Sultani alilipwa marki milioni 4 kwa pwani yake. Kampuni iliyoshindwa ikakopa fedha hizo, na serikali ikaahidi kuilipa marki 600,000 kila mwaka kutokana na ushuru wa forodha, yaani kutoka kwa watu walewale walioikataa. Ikabakiwa pia na upendeleo katika ardhi na haki ya kutoa sarafu. Pesa za shaba za miaka ile zina jina la kampuni, upande mmoja kwa Kijerumani, upande wa pili kwa Kiarabu.