Msamaha wa ushuru wa gari kwa walemavu

MKAZI wa Kangemi mwenye ulemavu anayetaka kuagiza gari bila kulipa ushuru wa forodha huanzia karibu na nyumbani: Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina ofisi kando ya barabara ya Waiyaki. Husajiliwa humo baada ya kukaguliwa na madaktari wa hospitali ya serikali.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 humruhusu gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa matumizi ya mlemavu, mara moja katika miaka minne. Kibali cha KRA sharti kipatikane kabla gari halijatolewa bandarini. Akimuuzia asiyestahili msamaha, ushuru hudaiwa.

Walakini, msamaha huu humfaa mwenye uwezo wa kununua gari. Anayepanda matatu kwa magongo haumpunguzii nauli hata senti.