Bwana na Bibi Maynard wa Kolandoto

Katika mwaka 1913 William Maynard na mkewe Nina, Wamarekani wa Africa Inland Mission, walianza kazi Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma. Aliyesomea uganga alikuwa mke, wala si mume. Bwana alihubiri Neno. Bibi aliwaganga wagonjwa. Hata wenye ukoma, ambao jamaa zao waliwaogopa, walipata makao na matunzo pale Kolandoto. Hospitali ile ingalipo hata leo, chini ya Africa Inland Church Tanzania. Basi, enyi mlio mume na mke, msishindanie ukubwa nyumbani. Kila mmoja na aitumie karama aliyopewa, na mwenziwe amsaidie.