Nani Alisema Haifai Kutazamwa?

Septemba 1966, kituo cha NBC kule Marekani kilianza kuonyesha tamthilia mpya kuhusu watu wanaozunguka anga za mbali kwa chombo chao. Variety, gazeti ambalo watu wa biashara ya burudani huko hulisoma jinsi mkulima anavyosikiliza utabiri wa mvua, lilitazama episodi ya kwanza na kutikisa kichwa. Kwa maoni ya mhakiki wake, kipindi kilimtaka mtazamaji aamini mambo mengi mno, na hilo halingewezekana. Kipindi chenyewe kilikuwa Star Trek.

Tunapenda sana hadithi za aina hii. Mhakiki anajifanya anajua, muda unapita, kipindi kinakuwa kikubwa, sisi tunamcheka. Lakini hebu tuangalie kilichofuata. Star Trek haikupata watazamaji wengi. Mwaka wa pili ilikuwa hatarini, na mashabiki wakaiandikia NBC barua kwa maelfu wakiomba isiuawe. Ikaongezewa msimu wa tatu, kisha 1969 ikafungwa baada ya episodi 79. Ilikuja kupendwa kwelikweli miaka ya sabini, ilipokuwa imeshakufa, vituo vidogo vidogo vilipokuwa vikiirudia jioni baada ya jioni.

Kwa hivyo mhakiki wa Variety alikosea ama hakukosea? Ukiuliza kama kipindi kingeshika watu mwaka huo, basi alikuwa karibu na ukweli. Ukiuliza kama kilikuwa na kitu ndani yake, alikipita bila kukiona. Nadhani hapo ndipo shida yote ilipo. Swali la "hii series mpya inafaa kutazamwa?" linaonekana ni moja, lakini ndani yake kuna mengi: itadumu? Ni nzuri? Itakuwa nzuri baadaye? Na tunataka jibu siku ya kwanza, kabla hata kipindi hakijajijua ni nani.

Mimi huandika uhakiki wa tamthilia kwa malipo ya kila makala. Kazi huja hivi: unatumiwa kiungo cha episodi mbili, unaambiwa maneno mia nne, kesho asubuhi, na uweke nyota. Episodi mbili kati ya nane, wakati mwingine kati ya kumi na tatu. Ndiyo maana nikaanza kusoma historia ya kazi hii. Nilitaka kujua kama kuna wakati wowote mhakiki alifaa kitu zaidi ya kuwa mpiga ramli wa bei nafuu. Nilichokipata kimenishangaza: wahakiki wa runinga hawajawahi kuwa hodari wa kutabiri. Walipofaa kweli, walifaa kwa kitu kingine kabisa. Walinunulia vipindi muda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 1955. Enzi hizo tamthilia nyingi za Marekani zilirushwa moja kwa moja kutoka studio za New York. Waigizaji wanacheza, kamera zinazunguka, na saa moja ikiisha kila kitu kimeyeyuka. Mhakiki aliandika asubuhi iliyofuata kuhusu kitu ambacho msomaji hangeweza tena kukiona. Kazi yake ilifanana na tanzia. Mkubwa wao alikuwa Jack Gould wa New York Times.

Januari 1955 Gould alitazama mchezo ulioitwa Patterns, uliotungwa na kijana aliyekuwa hajulikani sana, Rod Serling. Ulihusu bosi wa kampuni anayemsukuma nje mfanyakazi mzee kwa kumdhalilisha siku baada ya siku. Gould aliusifu kwa nguvu, na hakuishia kwenye sifa. Alitaka urudiwe. Kumbuka kwamba wakati huo kurudia mchezo wa aina hiyo halikuwa jambo la kawaida, na kurudia hakukuwa kubonyeza kitufe. Ilibidi waigizaji waitwe tena, mapambo yasimamishwe tena, na mchezo uchezwe upya. Februari, takriban mwezi mmoja baadaye, ulichezwa tena moja kwa moja hewani. Waliokosa mara ya kwanza wakapata kuona. Serling akawa jina kubwa, na miaka minne baadaye akaanzisha The Twilight Zone.

Makala ya gazeti, basi, ilirudisha kitu kilichokuwa kimeshapita. Gould hakuwa anabahatisha kama watu watapenda. Alikuwa ameona kazi nzima, mwanzo hadi mwisho, na alitumia nafasi yake kuipa nafasi ya pili.

Songa mbele hadi Januari 1981. NBC, ambayo wakati huo ilikuwa ya mwisho kati ya vituo vitatu vikubwa vya Marekani, ilileta Hill Street Blues, tamthilia ya kituo cha polisi. Ilikuwa na wahusika wengi wanaoongea kwa pamoja, kamera inayotikisika, na visa visivyomalizika saa ya kipindi ikiisha. Watu walikuwa wamezoea polisi anayemkamata mwizi ndani ya dakika hamsini. Hii ikawachanganya. Kwa idadi ya watazamaji, msimu wa kwanza ulimaliza karibu na mkia wa orodha nzima. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara hiyo, hapo mtu anafungiwa duka.

Haikufungwa. Wahakiki walikuwa wameipigia debe kote nchini, na mwaka huohuo ikachukua tuzo nane za Emmy. Sitaki kudanganya kwamba ni kalamu tu zilizoiokoa. NBC haikuwa na vipindi vingi vya kujivunia, na wachache waliotazama walikuwa watu wenye pesa ambao watangazaji wa biashara waliwataka. Lakini sifa za wahakiki ziliwapa wakubwa wa kituo sababu ya kusema "ngoja kidogo" bila kuonekana wajinga. Kipindi kilidumu hadi 1987. Mwaka mmoja baada yake kituo hichohicho kilianzisha Cheers, kichekesho cha baa moja ya Boston, nacho kikaanza mkiani vilevile. Wakakisubiri. Kiliisha 1993, baada ya misimu kumi na mmoja, kikiwa kati ya vipindi vilivyopendwa zaidi nchini humo.

Halafu kuna The Wire. Msee yeyote anayepiga stori za series atakwambia ndiyo bora kuliko zote, na atakwambia kwa sauti. HBO ilianza kuionyesha Juni 2002. Ukitazama episodi ya kwanza leo utaona kwa nini wengi waliiacha: majina ni mengi, hakuna anayekufafanulia chochote, na lugha ya mtaa wa Baltimore inapita kama matatu isiyosimama stejini. David Simon, aliyeiunda, alikuwa mwandishi wa habari wa Baltimore Sun, na aliijenga kama uchunguzi mrefu wa gazeti. Msimu wa pili uliwaacha nyuma wauza dawa waliokuwa katikati ya ule wa kwanza na kwenda bandarini. Wa nne ukaenda shuleni. Huwezi kujua nyumba hiyo ni kubwa kiasi gani ukiwa umesimama mlangoni.

Watazamaji walikuwa wachache misimu yote mitano, na haikushinda hata Emmy moja. Baada ya msimu wa tatu hatima yake ilining'inia. Ila 2006, kabla ya msimu wa nne kuanza, HBO iliwatumia wahakiki episodi zote kumi na tatu. Wakaziona zote, hadithi ya wale wavulana wanne wa shule kuanzia mwanzo hadi inapokuumiza. Uhakiki uliotoka Septemba ulikuwa wa watu waliojua walichokuwa wakikizungumzia. Siku chache baada ya msimu kuanza, HBO ilitangaza kwamba wa tano utakuwepo.

Angalia kinachofanana kati ya 1955 na 2006. Mara zote mbili mhakiki alipewa kitu kizima akakitazama chote. Mara zote mbili hakusema tu "tazama" au "usitazame". Alieleza kitu hicho kinajaribu kufanya nini, na kwa nini kinastahili kusubiriwa.

Sasa njoo kwetu sisi wa asilimia. Rotten Tomatoes ilianza 1998 kwa ajili ya filamu, na baadaye ikachukua runinga pia. Wengi hudhani ile asilimia ni maksi, kama ya mtihani. Sivyo. Ni idadi ya wahakiki waliosema "ndiyo" kati ya kila mia. Chukua wahakiki kumi. Wote wakisema kipindi ni sawa tu, hakiudhi, unaweza kukitazama ukikunja nguo, kinapata asilimia 100. Sita wakisema kimewabadilisha maisha na wanne wakisema hawakukielewa, kinapata 60, alama ambayo ndiyo mpaka wa kufaulu. Mmoja zaidi akikataa, kimeoza. Hesabu hiyo hupendelea kitu kisichomkera mtu. Star Trek, Hill Street Blues na The Wire zote zilikuwa za kukera kidogo mwanzoni.

Na mara nyingi hesabu hiyo hufanywa juu ya zile episodi mbili tatu ambazo mtu kama mimi ametumiwa. Namba inabandikwa, inasambazwa, na series inaingia sebuleni ikiwa imeshahukumiwa.

Sisemi swali lenyewe ni la kipuuzi. Bando ni pesa. Malipo ya kila mwezi ni pesa. Mtu anatoka job saa mbili usiku, amekaa kwa jam ya Thika Road, ana saa moja na nusu kabla ya usingizi. Ana haki ya kuuliza kama saa hizo zitapotea. Lakini mtu huyo amepewa jibu la swali lingine. Alitaka kujua kama kitu kitamfaa yeye, akapewa kura za watu asiowajua kuhusu mwanzo wa kitu ambacho hakijaisha.

Hapa nyumbani hali ni tofauti, na naona ni ngumu zaidi. Vitimbi haikuhitaji mhakiki wa kuinunulia muda. Mzee Ojwang' na Mama Kayai walikuwa na muda tele kwa sababu, hadi KTN ilipoanza 1990, mtazamaji hakuwa na kwingine pa kwenda. Hukumu ilitolewa kesho yake, kwa jirani au njiani kwenda shule, na haikumfuta mtu kazi. Waigizaji walikua mbele ya macho ya watu, na watu wakakua nao. Sisemi turudi kwa stesheni moja, hapana. Nasema tu kwamba muda ulikuwepo bure, na ulipoondoka hakuna aliyejitokeza kuulipia.

Netflix ilifika Kenya Januari 2016. Julai 2022 ikaonyesha Country Queen, series ya kwanza ya Kenya kubeba jina lake. Episodi sita, hadithi ya binti anayerudi kijijini kutoka Nairobi na kukuta kampuni ya madini imeikalia ardhi ya watu, Kiswahili na Kikamba vikisikika waziwazi. Wiki hiyo kwenye simu yangu niliona hukumu mbili tu. Kuna waliosema tumefika, mtu asiseme kitu, tuunge mkono chetu. Na kuna waliosema bado sana, wakaiweka mezani pamoja na series za Marekani zenye bajeti ya kujenga hospitali. Wengi wa pande zote mbili waliongea usiku wa kwanza.

Hukumu hizo mbili zinaonekana kupingana, ila zinafanana kwa jambo moja: hakuna inayohitaji kutazama. Ukisifu kwa sababu ni yetu, hukuhitaji kufika episodi ya nne. Ukiponda kwa sababu si ya kwao, hukuhitaji pia. Na mwandishi wa series hiyo, akitaka kujua kilichofanya kazi na kilichovunjika kabla ya kuandika nyingine, anabaki na makofi na matusi. Hakuna cha kujengea hapo. Tangu 2009 tuna tuzo za Kalasha, na ni vizuri, lakini tuzo huja kazi ikiwa imeisha. Haisemi "ngojeni kidogo" siku ile mkubwa wa stesheni ameshika kalamu nyekundu.

Watu watasema nani atalipa mhakiki akae wiki nzima na episodi nane. Ni kweli, malipo ya makala moja hayafiki huko, nami najua kodi inalipwa tarehe ngapi. Lakini sehemu ya kazi hii haihitaji pesa. Inahitaji kusema kweli kuhusu ulichokiona. Kama nimeona mbili kati ya nane, niandike kwamba nimeona mbili, nieleze mlango unafananaje, na nisijifanye nimelala ndani ya nyumba. Niseme kipindi kinajaribu kufanya nini. Niseme ni nani huenda akakipenda na nani kitamchosha. Kama kuna kitu kinachotaka muda, niseme ni muda wa kiasi gani, ili yule wa Thika Road aamue mwenyewe na bando lake. Na series ikiisha nirudi kuiandikia tena, hata kama hakuna aliyeniagiza, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa uhakiki wa nusu kitu.

Nyota bado wataziomba, nitaweka. Lakini ukisoma jina langu chini ya makala siku ya kwanza ya series mpya, ziruke nyota, tafuta mstari unaosema nimetazama episodi ngapi. Usipouona, usiniamini.