Fidia ya ajali kazini katika vyuo vikuu (Tanzania Bara)
Ni stahili ya mfanyakazi wa chuo kikuu, cha umma au binafsi, aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Husimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mwajiri peke yake ndiye huchangia. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Chuo si vitabu tu: fundi wa maabara humwagikiwa asidi, mpishi wa kantini huungua mafuta, mfagizi huteleza ngazini. Gharama za matibabu hubebwa na Mfuko, pamoja na fidia ya ulemavu na gharama za mazishi. Ajali isiyoripotiwa ndani ya miezi 12 humpotezea mhusika haki ya fidia.