Alianguka, Wakasema Amelewa Tu

Leo tutasafiri hadi Marekani, na tutarudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili. Usizime redio, kwa sababu mwisho wa safari tutarudi nyumbani na somo la kuokoa maisha: mlevi akianguka na kugonga kichwa, mhudumie kama majeruhi kwanza. Habari ya pombe itafuata baadaye.

Katika vyuo vingi vya Marekani kuna vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume. Vyama hivi hujiita kwa herufi za Kigiriki. Cha kwanza, Phi Beta Kappa, kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William and Mary, jimbo la Virginia. Kilikuwa chama cha siri cha vijana waliopenda mijadala, kikiwa na kiapo chake na namna yake ya kusalimiana kwa mkono. Mwaka 1825 kikafuata Kappa Alpha katika chuo cha Union, jimbo la New York, na mwaka 1839 Beta Theta Pi huko Ohio. Baadaye vyama vikapata nyumba zao, ambamo wanachama huishi, hula na kufanya karamu. Ni nyumba za vijana, zenye ngazi, roshani na vyumba vya chini ya ardhi, na mara nyingi hamna mtu mzima wa kusema, "Leo basi."

Anayetaka kujiunga hupimwa kwanza. Msikilizaji uliyesoma shule ya bweni hapa Kenya, unakumbuka "mono" wa kidato cha kwanza alivyopokelewa na wakubwa wake? Basi jambo hilo lina undugu na hili.

Mwezi Oktoba 1873, kijana aitwaye Mortimer Leggett alikuwa amejiunga na Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Baba yake alikuwa jenerali aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kijana alitaka kuingia Kappa Alpha. Usiku mmoja akatolewa mjini kama sehemu ya kukaribishwa. Katika giza, mahali asipopajua, akaanguka kutoka kwenye jabali hadi korongoni, akafa. Tangu mwanzo, basi, hatari ya kuanguka ilikuwemo: usiku, mgeni, na wenyeji walioapa kutunza siri.

Sasa tuiongeze pombe. Katika miaka ya 1970 majimbo mengi ya Marekani yalipunguza umri wa kunywa hadi miaka 18, 19 au 20. Ajali za barabarani za vijana zikawa kilio cha wazazi. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan akatia sahihi sheria ya kuyapunguzia fedha za barabara majimbo ambayo hayangepandisha umri huo hadi miaka 21. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yametii, na vijana wengi wakaokolewa barabarani. Sheria hiyo ilifanya kazi nzuri.

Lakini mwanafunzi wa chuo huanza masomo akiwa na miaka 18. Hawezi kuuziwa bia, ila ndugu yake wa chama mwenye miaka 22 anaweza kumnunulia. Kwa hiyo unywaji mwingi wa hawa wadogo ukajificha nyuma ya milango ya nyumba hizo. Siri ya chama ikapata mwenzake, siri ya kuvunja sheria. Mtu akiumia humo, swali la kwanza likawa: tukipiga simu, nani atakamatwa?

Wapo waliojaribu kurekebisha. Chama cha Phi Delta Theta kilipiga marufuku pombe katika nyumba zake zote kuanzia mwaka 2000. Cornell, chuo kile kile cha kijana Leggett, mwaka 2002 kilianzisha utaratibu kwamba mwanafunzi akimwitia msaada mwenzake aliyezidiwa na pombe, chuo hakitawaadhibu kwa kunywa. Walikuwa wametambua kwamba hofu inaweza kuua kuliko chupa.

Hata hivyo, tusikilize ya tarehe 2 Februari 2017 katika Chuo Kikuu cha Penn State, jimbo la Pennsylvania. Timothy Piazza, mwenye miaka 19, mwanafunzi wa uhandisi, alikuwa akikaribishwa katika Beta Theta Pi. Nyumba hiyo ilitakiwa kuwa nyumba isiyo na pombe. Wageni walipitishwa kutoka kituo kimoja cha kunywa hadi kingine. Waendesha mashtaka walisema Timothy alinyweshwa vinywaji 18 kwa dakika 82. Karibu saa tano usiku akaanguka kwenye ngazi za chumba cha chini.

Kamera za nyumba zilirekodi yaliyofuata. Walimbeba, wakamlaza kwenye kochi. Walimmwagia kinywaji usoni, wakampiga makofi aamke. Walimvalisha mkoba mzito mgongoni asije akalala chali na kusongwa na matapishi. Usiku ule alijaribu kusimama akaanguka tena na tena. Simu ya ambulensi ilipigwa kesho yake karibu saa tano asubuhi, takriban saa 12 baada ya kuanguka. Fuvu lilikuwa limepasuka, na bandama iliyochanika ilikuwa imemwaga damu tumboni. Alifariki tarehe 4 Februari.

Tazama vizuri, msikilizaji. Vijana wale walijua hatari ya matapishi. Kilichowaponyoka ni hatari ya kuanguka. Kila dalili ya kichwa kuumia waliiita ulevi.

Na hapo ndipo pombe inapodanganya hata sisi wauguzi. Mlevi huongea ovyo, hupepesuka, hutapika, husinzia. Aliyevuja damu ndani ya fuvu naye hufanya hayo hayo. Pombe pia hupunguza maumivu, ndiyo maana mtu aliyeumia tumbo anaweza asilalamike. Tena kiwango cha pombe katika damu huendelea kupanda hata baada ya glasi ya mwisho. Kahawa haikiondoi, maji baridi hayakiondoi. Ini huchukua takriban saa nzima kwa kinywaji kimoja, wala haliharakishwi.

Kifo kile kilileta mabadiliko. Pennsylvania ilipitisha sheria yenye jina la Timothy mwaka 2018. Mateso ya ukaribisho yanayoleta majeraha mabaya au kifo yakawa kosa kubwa, na anayeita msaada akapewa kinga. Muungano wa vyama hivyo ukaamua kuondoa pombe kali katika nyumba za wanachama wake kufikia Septemba 2019. Mwezi Desemba 2024 ikaja sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kutangaza visa vya aina hii. Wazee wetu walishasema: mficha maradhi, kifo humfichua.

Sasa turudi nyumbani. Iwe ni hosteli ya chuo, ploti ya kupanga au matanga kijijini, fanya hivi mlevi akianguka.

Kwanza, uliza: amegonga kichwa? Kama hujui, chukulia kwamba amegonga.

Pili, usimkokote wala kumsimamisha. Akitapika, au akipoteza fahamu huku anapumua, mgeuze kwa ubavu, kichwa na mwili pamoja, shingo isipindwe.

Tatu, mpeleke hospitali mara moja ukiona haamki vizuri, anatapika mara kwa mara, ana degedege, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, damu au maji yanatoka puani au masikioni, au tumbo limekuwa gumu. Mpeleke pia ikiwa ameanguka kutoka ngazi au juu, hata akisema yuko sawa.

Nne, asiachwe alale peke yake. Neno "mwache alale, litamtoka" limewazika wengi.

Tano, ukifika kasualti sema ukweli: alikunywa nini, alianguka saa ngapi. Sisi tunatibu, hatukamati.

Na wewe mzazi, mwambie mwanao leo: "Hata kama mlikuwa mnafanya makosa, nipigie. Tutagombana kesho."

Kwa leo naishia hapo. Tukutane katika kipindi kijacho, panapo majaliwa. Kwaheri.